Chupa ya Saa Saba

Kalamu ilikuwa imelala juu ya fomu tangu saa sita mchana, na Mama Chachu hakuwa ameigusa. Alikaa kwenye stuli yake ya maabara, mikono kaifumbata, akiiangalia ile karatasi kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

"Mama, nina hadi saa kumi," Inspekta alisema. "Mkuu wangu anataka fomu hii yenye sahihi yako. Akiikosa, anakutaka wewe mwenyewe, mahabusu. Sikufichi."

"Basi twende huko mahabusu. Sahihi yangu siiweki chini ya uongo."

Inspekta hakuwa mwanamke wa kumshikisha mtu kalamu kwa nguvu, na pengine ndiyo maana alikaa na cheo kilekile miaka tisa. Aliivuta fomu akaisoma upya. Ilikuwa imechapwa kabla hata yeye hajakanyaga kiwandani, na jambo hilo lilikuwa limemkera tangu asubuhi. Ilisema kwamba fundi mkuu wa maabara, kwa uzembe, alipeleka kwenye tangi kimeng'enya kilichoharibika, na kwa kufanya hivyo akasababisha mpishi wa tangi kuungua. Haikusema kwamba mpishi huyo na fundi huyo wamenyonya ziwa moja.

Kiwanda kilikuwa kinatengeneza shira. Unga wa wanga unachanganywa na maji, unapikwa kwenye tangi refu kuliko nyumba, na kimeng'enya kinaukatakata hadi unakuwa laini na mtamu. Kikikosekana, wanga unafanya unachofanya kwenye sufuria yoyote: unakuwa mzito. Jumatatu saa nne asubuhi ulikuwa mzito hadi ukaziba bomba. Mvuke ukakosa pa kupitia, mfuniko ukang'oka, na mpishi alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Sasa ilikuwa Jumatano, naye alikuwa wodini, amefungwa bandeji kuanzia shingoni hadi kiunoni.

"Injinia wa kiwanda anasema umeme ulikatika Jumamosi kwa saa sita nzima," Inspekta alisema. "Daftari la mlinzi getini linasema hivyo hivyo. Friji yako ilikuwa imezima."

"Ilizima. Nani amekataa?"

"Na kimeng'enya kilikuwa ndani."

Mama Chachu alicheka kidogo, bila furaha. "Afande, kimeng'enya changu kinafanya kazi kwenye tangi linalochemka. Kinachemka humo na uji, na hakijali. Leo mtu anakuja kukwambia kimekufa kwa sababu friji ilipata joto kidogo. Wewe ukiambiwa samaki amekufa kwa kulowa, utaandika?"

Inspekta hakuandika. Aliufuta mstari wa umeme kwenye daftari lake, na aliufuta kwa raha, maana ndio mstari ambao Injinia alikuwa ameurudia mara nne asubuhi ile.

"Kwa hiyo kitu gani kinaweza kukiua?"

"Ukikiacha kama kilivyo, vichache sana." Mama Chachu alinyanyua chupa ya maji ya mawingumawingu kutoka kwenye mashine iliyokuwa ikiitikisa. "Hawa ni bakteria wangu. Ndio wanaokitengeneza. Nawalisha, nawapa joto, na nawatilia kalsiamu kwenye maji yao, ile ile iliyomo kwenye chokaa. Kila kipande cha kimeng'enya kinashika chembe ya kalsiamu, na hiyo chembe ndiyo inayokikaza. Kalsiamu ni mkanda wa suruali, mwanangu. Ukimvuta mtu mkanda hafi, ila kazi ataifanyaje na mikono yote miwili imeshika suruali?"

Inspekta alicheka, kisha akaacha kucheka. "Na nani anaweza kuuvuta huo mkanda?"

"Hapa kwangu hakuna kitu cha kuuvuta. Huko chini sijui. Jumatatu nilipanda gari la wagonjwa na mdogo wangu. Niliporudi jioni, dumu langu la kimeng'enya lilikuwa limeshamwagwa kwenye mtaro. Ati kwa usalama." Aliirudisha ile chupa kwenye mashine. "Wamebakiza chupa moja tu, na hiyo wanayo wao."

Hiyo chupa Inspekta alikuwa nayo kwenye mkoba. Injinia aliichota mwenyewe kutoka kwenye lile dumu Jumatatu, akaifunga kwa nta na kuweka sahihi juu ya muhuri, pamoja na saa: saa saba mchana. Jumanne walikuwa wamechukua matone machache mbele ya Inspekta na kuyatia kwenye wanga. Wanga haukubadilika hata kidogo. Kila mtu chumbani alitikisa kichwa kwa huzuni, na Injinia ndiye aliyetikisa zaidi ya wote.

*

Mzee Karatasi, msafishaji wa matangi, alikuwa kwenye kijumba chake nyuma ya bohari. Jina hilo alipewa kwa sababu ya vikaratasi vya kupimia tindikali ambavyo havikosi mfukoni mwake. Baada ya kuosha tangi kwa tindikali anasuuza kwa maji, anachovya kikaratasi cha bluu kwenye maji yanayotoka. Kikigeuka chekundu, tindikali bado imo, anasuuza tena. Kikibaki bluu, tangi ni safi, anapiga kengele. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini na miwili, na kila kikaratasi alikuwa amekibandika kwenye daftari la shule kwa uji wa wanga, mstari mmoja kwa kila osho.

"Kwa nini unavitunza, mzee?"

"Ili siku mtu akija kama wewe, nisibishane naye. Nimwoneshe."

Inspekta alifungua kurasa za mwisho. Kila mstari ulianza na wekundu, ukafuata wekundu uliofifia, halafu waridi, kisha bluu. Vikaratasi vinne, mara nyingine vitano. Hivyo hivyo kila Jumapili. Jumapili ya mwisho ilikuwa na kikaratasi kimoja tu, cha bluu.

"Hapa umesuuza mara moja."

"Mara moja, ndiyo." Mzee alijaa fahari. "Haijawahi kutokea. Kikaratasi cha kwanza tu, bluu tupu. Nikasema leo Mungu kaukumbuka mgongo wangu."

"Ulitumia dawa ileile?"

"Dawa ya ukoko? Ileile. Ila imekuwa unga siku hizi, zamani ilikuwa maji. Injinia alinipimia kwenye kopo, akafunga stoo yake, akaniambia ni ileile, wameikausha tu."

"Iliyokuwa maji ilikuwa inawasha ngozi?"

"Inachoma. Hii unaweza hata kunawia."

Inspekta alilitazama lile daftari kwa muda mrefu. Hakuwa na elimu ya kemia zaidi ya ile ya kidato cha nne, na ile nayo aliipita kwa kuomba Mungu. Lakini ukoko ule mweupe unaoshika ndani ya birika alikuwa anaujua, na alikuwa anajua kwamba ukoko ule ni chokaa.

Aliomba kuliazima daftari. Mzee aliingia kwenye begi, akatoa fulana safi, akalifunga ndani yake ndipo akampa.

*

"Dawa inayokula ukoko bila kuwa tindikali," Mama Chachu alisema polepole. Alikuwa amesimama sasa. "Hiyo haili ukoko. Hiyo inashika kalsiamu na kuondoka nayo. Ikibaki kwenye tangi, inakipokonya kimeng'enya changu ile ya kwake." Alikigusa kikaratasi cha Jumapili kwa ncha ya kidole. "Na kikaratasi cha bluu kitabaki bluu mpaka kiama. Masikini mzee wa watu."

"Kama ndivyo, kimeng'enya hakijafa. Kimevuliwa mkanda."

"Ukimrudishia, anarudi kazini."

Inspekta aliinua simu ya ukutani, akawaita Meneja na Injinia.

Walifika pamoja. Meneja alikuwa mtu mnene mwenye leso mkononi, mwenye sura ya mtu anayetaka jambo lipite. Injinia alikuwa nadhifu, mpole, na alimsalimia Mama Chachu kwa kumwita dada. Mama Chachu hakuitikia.

"Tunafungua muhuri wako mbele yako," Inspekta alimwambia. "Hii ni sahihi yako? Na saa hii ni sahihi?"

"Ni yangu. Saa saba, mara tu nilipotoka kwenye tangi. Niliona ni vizuri kuhifadhi ushahidi mapema."

"Ni vizuri kabisa."

Walitoa kijiko kimoja, chupa ikafungwa tena, wote wanne wakaweka sahihi. Mama Chachu alipanga mirija mitatu ya kioo, akatia wanga sawasawa katika yote. Wa kwanza akautia kimeng'enya cha kwenye chupa peke yake. Wa pili kimeng'enya hicho hicho pamoja na maji ya kalsiamu, mengi. Wa tatu Inspekta aliudai mwenyewe: kalsiamu bila kimeng'enya.

"Wa nini huo?" Injinia aliuliza.

"Ili mtu asije akaniambia kesho kwamba kalsiamu ndiyo iliyoukata wanga."

Mirija iliingia kwenye sufuria ya maji moto. Robo saa ilipita, na Meneja akasema kwamba chumba kina joto. Kisha Mama Chachu alidondosha iodini, tone moja kwa kila mrija. Wa kwanza ukawa bluu nzito ya wanga mzima. Wa tatu ukawa bluu vilevile. Wa pili ulibaki na unjano hafifu wa iodini yenyewe, kwa sababu wanga haukuwepo tena.

Mama Chachu aliuinua juu kwenye mwanga wa dirisha. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta. "Kizima," alisema. "Tangu Jumatatu kizima. Siku mbili mnanifanyia matanga ya kitu kizima."

Meneja alimtazama Injinia. Injinia alikuna kidevu, akasogea kuutazama mrija kwa karibu, na aliponyanyuka alikuwa na uso wa mtu aliyeshangaa kwa kiasi kinachofaa.

"Ajabu," alisema. "Kumbe ni dawa ya ukoko. Mzee hakusuuza vizuri."

Inspekta alimsikia Meneja akishusha pumzi.

"Mzee Karatasi," Meneja alisema. "Bila shaka. Macho yake siku hizi..." Alikuwa ameshaliona daftari la mzee mezani, limefunguliwa kwenye ile Jumapili, na ameshatoa simu yake. Alizungumza dirishani kwa sauti ya chini, kwa muda usiozidi dakika mbili, na hata hajaiweka mfukoni, simu ya Inspekta ililia.

"Nasikia mmempata," Mkuu alisema. "Msafishaji. Kasuuza mara moja badala ya nne, na anakiri kwenye daftari lake mwenyewe. Safi sana. Badilisha jina kwenye fomu, yule mama aende zake, uje tunywe chai."

"Nimekusikia, mkuu," Inspekta alisema, akakata simu.

Mzee alikuwa ameitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na Meneja alimweleza kwa upole mwingi, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, habari za huduma yake ndefu na uzee usiomwachia mtu. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Mama Chachu, si Meneja.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemuunguza kijana wetu."

"Dada, wewe uko huru," Injinia alisema. "Nenda hospitali ukamwone ndugu yako. Pole sana kwa usumbufu."

Mama Chachu aliuweka mrija kwenye kishikio chake. Alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka mezani. Kila mtu alidhani anaondoka. Alirudi kwenye ile stuli aliyokaa tangu asubuhi, akakaa.

"Mama," Meneja alisema, "umeshasikia. Uko huru."

"Nimesikia. Sitoki. Siwezi kutoka kwenye mlango mlioufungua kwa kumsukuma mzee huyu ndani. Kikaratasi alichopewa kinauliza tindikali, naye kauliza tindikali, kajibiwa ukweli. Nani alimwambia dawa imebadilika? Kama ni yeye, basi ni mimi pia, andikeni wawili." Aliichukua ile kalamu kwa mara ya kwanza na kuisukuma hadi upande wa pili wa meza. "Mdogo wangu akipona ataniuliza ni nani. Mnataka nimwambie ni mzee anayemwita baba?"

"Kulikuwa na kutoelewana kuhusu dawa," Injinia alisema. "Sikatai. Tindikali ilikuwa inakula tangi, nikatafuta mbadala. Sikujua ina madhara kwa kimeng'enya. Kama ningejua, ningeitumia? Ni bahati mbaya, wala si kosa la mtu."

Inspekta alikuwa ameliegemea kabati la vyombo, akimwangalia Mama Chachu aliyeng'ang'ania stuli. Aliona aibu, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kufikiria ile chai. Kisha akaitazama chupa, na macho yake yakabaki hapo.

"Injinia," alisema, "ulijua lini kwamba dawa hii inadhuru kimeng'enya?"

"Leo. Sasa hivi, hapa, kama nyinyi."

"Kabla ya leo hukujua."

"Hapana."

Aliandika maneno hayo kwenye daftari, akamgeuzia ayasome. Injinia aliyasoma, akaweka sahihi, tena kwa mwandiko mzuri.

"Meneja, Jumatatu saa saba ulimpa Injinia ufunguo wa maabara?"

"Ule wa akiba, ndiyo. Mama alikuwa hospitali."

"Asiyekuwepo na lake halipo," Inspekta alisema. "Mzee Karatasi, ule unga wa Jumapili ulibaki?"

"Hata punje. Kopo lote nilitia kwenye tangi. Mwingine upo stoo kwake, na funguo anatembea nazo."

"Sasa nisaidieni, maana mimi kemia niliipita kwa maombi." Aliinyanyua ile chupa. "Dawa ilikuwa kwenye tangi, sawa. Mzee hakuitoa yote, sawa. Lakini hii haikuchotwa kwenye tangi. Imechotwa kwenye dumu, humu ndani, na dumu halijawahi kuoshwa kwa dawa ya ukoko hata siku moja. Kwa hiyo kimeng'enya cha humu kilitakiwa kuwa na mkanda wake kiunoni. Kilitakiwa kuukata wanga jana mbele yetu sote. Hakikukata. Leo tumekipa kalsiamu tu, kikakata. Dawa iliingiaje kwenye chupa?"

Meneja alikuwa ameishika leso yake bila kujifuta.

"Mtu aliitia," Inspekta aliendelea. "Alitaka kimeng'enya kionekane kimekufa. Mtu mwingine angekichemsha, na kingemcheka. Huyu hakuhangaika na kuchemsha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitu kimoja kinachokiweza, na Jumatatu saa saba mchana, saa tatu tu baada ya mfuniko kung'oka, kitu hicho alikijua mtu mmoja kiwanda kizima. Mtu aliyeelewa papo hapo ni nini kilichotokea tangini mwake." Aligonga daftari kwa kidole. "Na huyo huyo ameniandikia hapa kwamba amejua leo."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Injinia ilikuwa imeishia kwenye sahihi yake mwenyewe, tena mbili.

"Nilikusudia kusema," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo haikuwa na upole tena. "Idhini ya maabara inachukua wiki mbili. Wiki mbili, kwa unga wa kuoshea. Nikaona... Halafu kijana akaungua, na nikaona..."

"Ukamwona dada yake," Mama Chachu alisema.

Simu ya Inspekta ililia tena. Alilitazama jina, akapokea. "Mkuu, jina kwenye fomu silibadilishi. Naichana. Namleta mtu mwingine na chupa, na madaftari mawili, na mashahidi watatu... Hapana, mkuu. Chai itapoa." Alikata kabla ya kuambiwa kitu ambacho angelazimika kukitii, akaichana fomu mara mbili, vipande akavitia mfukoni kwa sababu sakafu ya maabara ilikuwa safi.

Kisha akamwambia Injinia anyooshe mikono. Meneja alianza kusema jambo kuhusu mlango wa nyuma, ili wafanyakazi wasione. Inspekta alimwambia kwamba yeye aliingia kwa mlango wa mbele na hana habari na mwingine.

Mama Chachu aliteremka kwenye stuli. Alimshika Mzee Karatasi mkono, akamketisha pale alipokuwa ameketi yeye. Ndipo akaenda kusimama mbele ya Injinia, karibu mno, hata Inspekta akasogea.

"Jumatatu jioni ulikuja wodini na matunda," alisema. "Ulimwita mke wa mdogo wangu pembeni, ukamwambia ni mimi. Tangu siku hiyo hajaniruhusu kupita pazia. Usiku wa juzi na wa jana nimekaa kwenye benchi la nje, nasikia ndugu yangu analia, siwezi kumpa hata maji. Twende ukamwambie tena. Umwambie kwa mdomo ule ule."

"Mama," Meneja alisema, "njia ya kituoni haipiti hospitali."

"Leo itapita," Inspekta alisema, na akamfungulia Mama Chachu mlango atangulie.